Sura Ubavuni mwa Diwani

Kila kazi ya kukuza picha, Juliana aliianza kwa kuweka kiganja juu ya printa na kusema maneno machache: kimoyomoyo ikiwa mteja yupo, kwa sauti ikiwa yuko peke yake. Hakuomba makubwa. Aliomba wino utoke sawa, umeme usikatike katikati, na mtu aliyeingia kwenye mashine atoke akiwa mtu yule yule. Ombi hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito. Watu wa Kahama walimletea picha ndogo kama ukucha, zilizorushwa kutoka simu hadi simu mpaka zikachakaa, halafu wakataka ziwarudie zikiwa kubwa kama mlango na kali kama wembe.

Kazi hiyo alijifunza akiwa na miaka arobaini na saba, kwenye darasa la jioni la kompyuta, akikaa dawati moja na mabinti wa umri wa mwanawe Luka. Mwalimu wao, Yasini, kijana mpole asiyepandisha sauti, alimwambia jambo ambalo aliliandika kwenye daftari na kulipigia mistari miwili.

"Mama Luka, picha ikiwa ndogo, kilichomo ndicho hicho hicho. Ukiikuza, programu haioni zaidi yako. Inabahatisha tu. Ila inabahatisha kwa adabu, kwa hiyo watu wanaiamini."

Kwenye programu yake ya kunoa picha kulikuwa na kisanduku kidogo kimeandikwa "Boresha sura". Ukikiwekea tiki, programu ilizunguka picha nzima ikitafuta nyuso zilizofifia, na ilipopata kitu kinachokaribiana na uso ilikichonga upya: macho, nyusi, midomo, meno. Kwa kuwa wateja wake karibu wote walileta nyuso, za maharusi, za watoto wa kipaimara, za marehemu, Juliana alikiwekea tiki siku ya kwanza na hakukigusa tena. Hakuna mtu aliyewahi kumletea ng'ombe.

Mpaka alipokuja Mzee Maganga.

Alifika Jumatatu asubuhi kutoka kijijini kwake, upande wa Isaka, suruali yake bado ina tope la majaruba. Alisimama mlangoni akavua kofia, akamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ndiye wewe unayekuza?"

"Ndiye mimi."

"Unakuza kila kitu?"

"Kila kinachopigika picha, mzee."

"Basi nikuzie Diwani."

Juliana alinyoosha gauni, akidhani anakabidhiwa kazi ya serikali. Mzee Maganga akampa simu. Kwenye kioo alisimama maksai mmoja mweusi mwenye mabaka meupe, kitambi mbele, ameitazama kamera kama mtu aliyecheleweshewa chai.

"Tumempa jina hilo kwa sababu hutembea polepole na kila mtu humpisha," alisema mzee. Kisha sauti ikamshuka. "Anakwenda kuliwa, mama. Na aliyemponza ni mimi, mimi na simu hii hii."

Juliana alivuta kiti, mzee akakaa, akasimulia. Mihayo, mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa anamwoa binti wa Bugarama aitwaye Vumilia. Kukaundwa kundi la WhatsApp la wakwe. Upande wa bibi harusi wakaanza kutuma picha: masufuria mapya, mazulia, jiko la gesi la mezani. Mzee Maganga alivumilia siku mbili. Siku ya tatu ukoo wake ukamwasha kifuani, akatuma picha ya Diwani na kuandika chini yake, "Hawa ndio tunaokaa nao."

"Kabla sijarudisha simu mfukoni, shangazi wa binti akajibu: Tumempenda. Huyo ndiye wa shughuli."

"Wa shughuli?"

"Wa sufuria."

Juliana akaguna. Hakuwa na haja ya kuelezwa yaliyofuata, lakini mzee alimweleza, maana mtu mwenye kidonda hupenda kukionyesha. Katika ukoo wao, ng'ombe ukishamwonyesha kwa wakwe nao wakamtaja, umemtoa. Ukimrudisha nyuma, umesema binti yao hafai. Anayenusurika ni mmoja tu, yule wa masamva, mizimu ya ukoo, aliyewekwa kwa jina la mzee aliyetangulia. Huyo hatolewi mahari wala hachinjwi harusini. Anazeeka zizini kwa heshima yake.

"Na Diwani hana mzee," alimalizia. "Ni maksai wa plau, basi. Amenilimia misimu tisa. Nikimwita anageuka. Nikimwita mke wangu anauliza nataka nini, lakini Diwani anageuka." Akajifuta pua kwa ukingo wa kofia. "Nataka nimtundike ukutani. Akishaliwa, awe ananitazama hata hivyo."

Juliana aliweka kiganja juu ya printa, akaomba.

Picha ilikuwa mbovu. Ilikuwa imetumwa na kutumwa tena, na ilipovutwa kwenye kompyuta ubavu wa Diwani ukawa vigae vya kijivu na vyeupe, kama sakafu ya bafu. Juliana alihangaika na pembe, akahangaika na macho, kwa sababu mzee alitaka kutazamwa. Akabonyeza. Programu ikazunguka, ikafikiri, ikamaliza. Pembe zilikuwa safi, na macho yana unyevu. Akaridhika, akaamuru printa ifanye kazi, akaenda kutafuta mkasi.

Karatasi ilitoka taratibu, kichwa kwanza. Mzee Maganga aliinama juu yake kama mtu anayesubiri ndama azaliwe. Ikatoka shingo, ikatoka nundu. Kisha ukatoka ubavu.

Katikati ya lile baka kubwa jeupe, kati ya bega na paja, palikuwa na mzee mwanamume. Alikuwa na nyusi nzito na mashavu yaliyoingia ndani, na alikuwa anacheka. Alicheka kwa meno yote, juu na chini, meupe, yamepangwa sawasawa kama punje za mahindi mabichi.

Mkasi ulimdondoka Juliana.

"Mzee, usijali, hiyo imekosewa. Ni programu tu, nitatoa nyingine..."

Mzee Maganga alitazama ubavu, akamtazama Juliana, akautazama ubavu tena. Kope zake zikapepesa mara mbili haraka haraka, namna ya mtu aliyeona mlango wa jirani umebaki wazi. Kisha taratibu sana akaivua kofia, aliyokuwa ameshaivaa tena.

"Baba," alisema.

"Mzee wangu, nisikilize. Kuna kisanduku huku ndani..."

"Mama, kisanduku hicho kilimjua baba yangu?"

"Hapana, lakini..."

"Kiliwahi kufika kijijini kwetu?"

"Hakikufika, lakini..."

"Basi kimemtoa wapi? Nifungie vizuri, mayu. Usimkunje usoni."

Akaondoka na bomba la karatasi kifuani, akitembea polepole, na watu stendi wakampisha.

Juliana alibaki ameketi. Mzee Maganga alikuwa akisali Jumapili na kuwaheshimu wahenga wake Jumatatu, na hilo lilikuwa kati yake na Mungu wake. Lililomchoma Juliana lilikuwa la kwake mwenyewe. "Bwana," alisema kwa sauti, "nilimwambia. Hakusikiliza. Je, nilisema vya kutosha?" Kulikuwa na ukimya tu, ule wa mtu anayekungoja umalize sentensi. Na Juliana, kwa aibu yake, alijikuta akifikiria macho ya yule maksai, akafurahi kidogo.

Siku ya tatu Mihayo alikuja studio mbio mbio. Alikuwa kijana mrefu mwenye adabu nyingi, fundi wa pampu za maji kwenye machimbo ya Geita, na alikuwa na sura ya mtu asiyelala.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye uliyemtoa babu?"

"Marahaba. Nilimtoa ng'ombe, mwanangu. Babu alijitokeza mwenyewe."

"Ukoo mzima umekaa. Wazee wamepita mmoja mmoja mbele ya picha, kila mmoja anamtambua. Mmoja amesema ni pua yake, mwingine ni masikio yake, na hata masikio yenyewe hayaonekani! Wameamua Diwani ni wa babu, hatolewi. Baba mkubwa amewapigia wakwe. Sasa shangazi wa Vumilia amesema tunawachezea, na kwamba ng'ombe asipofika, bibi harusi naye hafiki." Akashusha pumzi. "Anakuja hapa. Leo."

"Hapa kwangu? Kufanya nini?"

Kelele za basi la Bugarama zilisikika nje, na baada yake sauti moja iliyozidi za wapiga debe. Mihayo akajisogeza nyuma ya pazia la kupigia picha za paspoti.

Shangazi Scolastika aliingia kwa ubavu, maana mlango ulikuwa mwembamba na yeye hakuwa mwembamba. Aliendesha mgahawa karibu na machimbo, na kwa miaka ishirini alikuwa amewazoeza wachimbaji kusema tafadhali. Alimkuta Juliana amesimama tayari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewatia watu ndani ya ng'ombe?"

"Dada, karibu ukae nikueleze. Hiyo ni programu ya..."

"Sikuja kuelezwa. Kuna wanaume wameshanieleza wiki nzima." Alitoa simu kifuani. "Huyu hapa ng'ombe. Nilimpiga picha kwenye kioo cha simu ya kaka yangu, yangu ilikuwa imeshamfuta. Mkuze kama ulivyomkuza wa Maganga. Usiongeze, usipunguze. Kama kuna mtu, nami nimwone kwa macho yangu."

Juliana aliishika simu. Angeweza kuondoa ile tiki. Angeondoa, na ingetoka picha ya ng'ombe mtupu, na ule ungekuwa ukweli. Na kesho yake Diwani angepandishwa lori. Angeweza pia kuiacha na kunyamaza. Alitafuta njia ya katikati, akaipata kwenye maneno ya mteja mwenyewe: kama ulivyomkuza wa Maganga. Basi afanye vile vile, kisha aeleze. Aliweka kiganja juu ya printa, lakini safari hii hakujua aombe nini, akasema tu, "Bwana, unaona."

Picha ya Shangazi Scolastika ilikuwa imepigwa kwa pembeni, na juu ya ubavu wa Diwani palikuwa na mng'ao wa taa uliopinda. Karatasi ilitoka. Kichwa, shingo, nundu.

Safari hii alikuwa mwanamke. Mtu mzima, mashavu ya mviringo, amefunga kilemba, macho ameyainamisha kwa unyenyekevu. Naye pia alikuwa na meno yote.

Shangazi Scolastika alifungua mdomo, akaufunga, akamtupia Juliana jicho moja. Ndipo akajipiga paja.

"Mama yangu mzazi!"

"Dada, subiri..."

"Mama! Na kilemba chake! Kumbe ndiyo maana roho yangu ilimpenda yule ng'ombe mara moja! Damu imeitana!" Alishaanza kupiga simu. "Maganga? Uko wapi? Mnadani? Achana na mnada. Njoo studio. Na uje na huyo baba yako."

Mzee Maganga alifika kabla wino haujakauka, picha yake chini ya kwapa, maana tangu Jumatatu hakuwa ameiacha nyumbani. Wakazitundika zote mbili kwa vibanio kwenye kamba ya Juliana. Diwani mara mbili: huku na mzee anayecheka, huku na mama anayeinamisha macho.

"Huyo ni nani?" aliuliza Mzee Maganga.

"Ni mama yangu, mkwe. Marehemu Mama Ndaki. Salimia."

"Mama yako amefuata nini kwenye ng'ombe wangu?"

"Na baba yako je, amefuata nini kwa mama yangu? Tena anacheka cheka!"

"Baba yangu alitangulia! Alitoka Jumatatu!"

"Mama hakuwa na haraka. Alilelewa vizuri."

Mihayo alitoka nyuma ya pazia akiwa ameunganisha mikono. Yeye alikuwa na shida moja tu duniani, nayo ilikuwa kumwoa Vumilia, na aliuliza swali lake kwa moyo safi kabisa.

"Shangazi, naomba radhi kuuliza. Kama ni bibi... siku ya shughuli, mpishi ataanzia wapi?"

Mzee Maganga alipiga kofi moja la furaha.

"Umesikia? Haliwi! Utamla mama yako? Kwa ndizi au kwa wali?"

"Haliwi," alisema Shangazi taratibu, na Juliana aliona jinsi akili yake inavyojipanga upya, kama mtu anayehamisha vyombo mvua ikiingia. "Kweli haliwi. Lakini anakuja Bugarama. Akae kwa watoto wake, ale, apumzike. Kwa sababu nimegundua jambo hapa, Maganga." Kidole chake kilinyooka. "Misimu tisa! Misimu tisa umemfunga mama yangu plau!"

"Mimi?"

"Kwenye tope! Kwa fimbo!"

"Sijawahi kumpiga! Muulize Mihayo!"

"Mama yangu, aliyekuwa na miguu mibovu!"

Watu wawili watatu kutoka duka la jirani walikuwa wamejazana mlangoni, na mmoja alishasema "masikini mama wa watu." Mzee Maganga alirudi nyuma mpaka akagonga kiti. Juliana alimwona rangi inamtoka. Lile neno la mzee la Jumatatu, "Baba", lilikuwa limemwokoa Diwani na kisu, na sasa lilikuwa linampakia Diwani huyo huyo kwenye gari la Bugarama. Na kila neno ambalo mzee angelisema sasa lingeanzia kwenye lile la kwanza.

Ndipo Juliana alipojua sentensi yake ilikuwa haijaisha.

"Naomba wote mnyamaze," alisema. Haikuwa sauti kubwa, lakini alikuwa ameitumia miaka mingi kuongoza sauti ya pili ya kwaya, na watu wakanyamaza. "Mimi ndiye mwenye kosa. Nilisema nusu nikaacha nusu. Kaeni muone."

Alichukua simu yake, akaenda mlangoni, akapiga picha ya gunia la mchele lililokuwa mbali, kwenye baraza ya mfanyabiashara wa ng'ambo ya barabara. Akaipunguza mpaka ikawa kama stempu. Akaikuza, akainoa. Akageuza kioo cha kompyuta kuwaelekea. Juu ya gunia, chini kidogo ya mshono, kijana mmoja mwenye kidevu cha kupendeza aliwatazama na kutabasamu.

"Yesu na Maria," alisema Mihayo.

"Bado. Nipe kiatu chako."

Kiatu cha Mihayo kilikuwa na tope la mgodini. Kilipokuzwa kikatoa mtoto mchanga, mnene, ana meno thelathini na mawili.

Kule mlangoni mtu alicheka, mwingine akafuata. Juliana aliwaonyesha kile kisanduku, akaiondoa tiki, akalikuza gunia tena. Likatoka gunia, lina ukungu kidogo. Akakikuza kiatu. Kikatoka kiatu.

"Haioni," alieleza. "Inabahatisha. Nimeiambia itafute nyuso, basi inatafuta, ikikosa inatengeneza. Haijui mzee wa mtu wala mama wa mtu. Na haijui watu wanazeeka meno. Nilipaswa kusema hivi Jumatatu, hata kama ni kwa kumfuata mzee stendi. Mnisamehe."

Shangazi Scolastika alikunja mikono juu ya kifua. Hakuwa mtu wa kukaa muda mrefu upande wa kushindwa.

"Sawa," alisema. "Tumeelewa. Hamna baba, hamna mama. Ubavu ni ubavu. Kwa hiyo, mkwe, Diwani ni wa sufuria, kama tulivyosema mwanzo."

Hapo kicheko kilikatika. Mzee Maganga alitazama zile picha mbili kwenye kamba, lakini hakuzitazama nyuso. Alitazama pembe. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, na alipozungumza hakuwa na mbwembwe zozote.

"Mkwe, baba yangu alikufa hana jino hata moja. Nilimtafunia nyama mimi mwenyewe, mwaka mzima. Nilipoyaona yale meno nilijua papo hapo siyo yeye. Nikadanganya. Nimewadanganya wazee wangu, na kijana wangu hapa karibu nimkoseshe mke." Aliizungusha ile kofia. "Mchukueni. Nilimwonyesha mwenyewe, mmemtaja, ni wenu. Ila siku hiyo mniwie radhi, sitakula. Nitakunywa soda."

Mihayo alitazama soksi yake. Juliana alikuwa anaomba, lakini bila maneno, namna unavyoshika mkono wa mgonjwa.

Shangazi Scolastika alizibandua picha zote mbili kwenye vibanio.

"Mama yangu alikuwa na kovu hapa," alisema hatimaye, akigusa shavu. "La moto. Nilimuuguza miezi saba, nikimwosha uso asubuhi na jioni. Unafikiri naweza kumsahau? Niliona huyu hana kovu kabla hata karatasi haijamaliza kutoka."

Mzee Maganga akainua kichwa. "Mkwe! Nawe ulidanganya?"

"Ulianza wewe!"

"Kwa kilio kile? Na kujipiga paja?"

"Nilijipiga kweli, mpaka sasa panauma."

Walitazamana. Ilianzia kwa Shangazi, chini kabisa tumboni, ikapanda mabegani. Ikamkamata Mzee Maganga naye akaanza kukohoa, kisha kufuta macho. Na walipofika kwenye "misimu tisa", ambayo Shangazi aliirudia kwa sauti ile ile ya kwanza, Mihayo aliona ni salama naye acheke. Alichekea kwenye mkono, kwa heshima.

"Nisikilize, Maganga," alisema Shangazi alipopata pumzi. "Aliyemtaja Diwani ni mimi, si ndiyo? Na mtaja anaweza kutaja tena. Nitajie ulionao."

"Kuna dume moja jeusi. Nene, halijawahi kufanya kazi yoyote. Linakula tu na kupiga kelele getini."

"Linaitwa nani?"

"Mgombea."

"Namtaja Mgombea!" Shangazi alipiga meza. "Huyo tutamla bila majuto. Mihayo, vaa kiatu chako, una harusi."

Alipokuwa anaondoka aliikunja picha moja kuwa bomba na kuisukumia kwapani. Mzee Maganga alichungulia.

"Mkwe, hiyo ni yangu. Hiyo ni ya baba."

"Najua. Wewe umebaki na ng'ombe. Mimi naondoka na baba yako. Nitamtundika mgahawani, juu ya kaunta. Wachimbaji wakinidai chenji, nitawaambia wamuulize mzee. Na wewe mpeleke mama yangu nyumbani, na umpe chai." Akapenya mlangoni kwa ubavu. "Na usimfunge plau!"

Wiki iliyofuata harusi Mzee Maganga alirudi studio. Alikuwa na simu ile ile na picha ile ile. Alisema mke wake amemzoea yule mama wa kilemba, hata humuaga akienda shambani, lakini yeye alikuwa bado anamtaka Diwani mwenyewe, peke yake.

Juliana alimwonyesha kile kisanduku kabla hajaanza, akaiondoa tiki mbele yake, akaweka kiganja juu ya printa. Karatasi ikatoka taratibu: kichwa, shingo, nundu, ubavu. Haikuwa kali sana. Baka jeupe lilikuwa baka jeupe, limefifia pembeni kama maziwa yaliyomwagika. Diwani alimtazama mzee kama mtu aliyecheleweshewa chai.

"Ndiye," alisema Mzee Maganga. Akakigusa kioo cha kompyuta kwa ukucha, pale palipokuwa na kisanduku. "Sasa hiki, mayu, umekifuta kabisa?"

"Hapana, mzee. Nimekizima tu. Wenye nyuso wakija, nitakiwasha."

"Wabeja, asante." Aliikunja picha kwa uangalifu, akavaa kofia, akatazama nje kwanza halafu akainama karibu. "Kiache hapo hapo. Mdogo wake Mihayo anaoa mwakani, na wale wakwe sijui wana macho ya namna gani."

"Mzee Maganga!"

"Nimesema kitu?" aliuliza, akatoka. Na kwa mbali Juliana alimwona akipita katikati ya stendi, polepole, tumbo mbele, watu wakimpisha.